Sikilidi Wanaohitaji Kipupwe: Utatuzi wa Matatizo ya Joto na ya Majirani Tangini

Sikilidi hawa wa kufugwa tangini ni ndugu wa perege na sato, ila kwao si Afrika. Gymnogeophagus na Australoheros wanatoka kusini mwa Brazili, Uruguay, Paraguay na kaskazini mwa Argentina, kwenye vijito vinavyoishia mito ya Uruguay, Paraná na Río de la Plata. Herichthys cyanoguttatus anatoka kaskazini-mashariki mwa Meksiko na Texas, naye ndiye sikilidi pekee wa asili ya Marekani. Huko kote maji hupoa. Kijito cha Uruguay chenye nyuzi 26 mwezi Januari hushuka hadi 12 mwezi Julai, na samaki hutulia chini akisubiri. Lakini kwenye lebo dukani huandikwa "samaki wa tropiki, nyuzi 26". Mnunuzi anawasha hita, haizimi tena, na mwaka wa pili unapoingia anaanza kutafuta dawa.

Magonjwa mengi ya samaki hawa ni makosa ya kalenda. Kabla ya kufungua chupa yoyote ya dawa, jibu maswali mawili: maji yalikuwa na joto gani miezi sita iliyopita, na huyu ni samaki wa aina gani hasa?

Anza na joto la kweli

Kipimajoto cha kubandika kwenye kioo husoma joto la maji na la chumba kwa pamoja, kwa hiyo usikitegemee. Tumia cha kuzama majini, viwili ukiweza: kimoja chini kabisa mbali na hita, kingine karibu na uso wa maji. Soma alfajiri na tena saa kumi jioni, siku tatu mfululizo. Tofauti ya nyuzi mbili hadi nne kati ya usiku na mchana haina neno, wamezaliwa nayo. Ila juu na chini vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi mbili saa ileile, maji hayazunguki. Geuza mdomo wa chujio uelekee uso wa maji kabla hujagusa kitu kingine.

Kisha linganisha na mahitaji ya aina yako:

- Gymnogeophagus wa kusini (meridionalis, rhabdotus, gymnogenys, labiatus, terrapurpura): kiangazi 22–26, kipupwe 12–16 kwa wiki nane hadi kumi na mbili.
- Gymnogeophagus balzanii, ambaye anaishi kaskazini zaidi: kiangazi 24–27, kipupwe 16–19.
- Australoheros facetus: kiangazi 22–27, kipupwe 10–16. Huyu ni mgumu kuliko wote.
- Herichthys cyanoguttatus: kiangazi 24–28, kipupwe 15–18.
- Apistogramma borellii: kiangazi 24–26, kipupwe 18–20. Anavumilia 16 kwa siku chache. Usimweke huko miezi.

Ikiwa chumba chako hakishuki chini ya nyuzi 24 mwaka mzima na huna mashine ya kupoza maji, wale wa kundi la kwanza si samaki wako. Chukua borellii. Feni inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi mbili hadi nne kwa kuyafanya yavukize, na kwenye hewa yenye unyevu mwingi hata hizo mbili hazipatikani. Chupa za barafu ndizo mbaya zaidi: hushusha joto kwa saa mbili, barafu inayeyuka, linapanda tena. Samaki anapigwa na mabadiliko mara mbili kwa siku.

Dalili: samaki amekua, maji ni safi, lakini hatagi na rangi imefifia

Chanzo karibu kila mara ni kukosa kipupwe. Samaki hajui mwezi, anasoma joto na urefu wa mchana. Akiishi kwenye nyuzi 26 siku zote hapati ishara kwamba msimu umeanza, kwa sababu haujawahi kwisha. Dume la Gymnogeophagus huchelewa kuotesha nundu ya kichwani, au huiotesha ndogo isiyokua.

Mpe majira. Shusha nyuzi 1 kila siku mbili au tatu, si haraka zaidi, na punguza taa kutoka saa 14 hadi saa 10 kwa siku katika wiki hizohizo. Kaa kwenye joto la chini kwa wiki nane angalau, kisha panda kwa mwendo uleule. Wengi hutaga wiki chache baada ya maji kuvuka nyuzi 20–22.

Kuna kosa moja la hesabu linalorudiwa sana hapa. Tangi la lita 200 lina nyuzi 22. Unatoa lita 40, unarudisha lita 40 zenye nyuzi 14. Joto jipya ni (160 × 22 + 40 × 14) ÷ 200, yaani 20.4. Umeshusha nyuzi 1.6 kwa mkupuo, na unadhani kipupwe kimeanza. Kesho yake asubuhi kipimajoto kinasoma 22 tena, kwa sababu chumba kina 22. Maji ya kubadilisha hayatunzi ubaridi; chumba ndicho kinachoutunza. Hamishia tangi kwenye chumba kisicho na joto, sakafuni badala ya juu ya kabati, au tumia mashine ya kupoza.

Hita usiitoe. Iache kama kinga ya usiku wa baridi kali. Tatizo ni kwamba hita nyingi haziwekeki chini ya nyuzi 18 au 20, kwa hiyo ichomeke kupitia themostati ya nje yenye kihisi chake, uiweke 13 kwa samaki wa kusini au 17 kwa balzanii. Na badala ya hita moja kubwa ya wati 200, weka mbili za wati 100. Moja ikikwama imewaka, maji yatapanda polepole na utaiwahi.

Dalili: wanataga mfululizo, jike amekonda, tumbo limeingia ndani

Huu ni uso wa pili wa kosa lilelile. Joto la kudumu likiambatana na chakula kingi humfanya jike atage kila baada ya wiki chache bila kupumzika. Jike wa aina zinazolea mdomoni ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu muda wote anaobeba vifaranga hali chochote cha maana. Mtenge na dume wiki nne, mlishe mara mbili kwa siku vyakula vidogovidogo (dafnia, yaani viroboto wa maji, mabuu ya mbu, punje ndogo zenye mwani), halafu anza kushusha joto akiwa ameshanenepa. Usimpeleke kwenye kipupwe akiwa mifupa. Samaki anaingia baridini na akiba yake mwilini, na asiye nayo hatoki.

Dalili: kipupwe kimeingia, samaki wamelala chini hawali

Hapa watu hutia dawa bure. Kwenye nyuzi 13 samaki mzima anatakiwa kuwa hivyo. Tazama kwa karibu kwa dakika tano, bila kugonga kioo. Aliyepumzika amesimama wima juu ya mchanga au ameegemea jiwe, mapezi yamekunjwa nusu, matamvua yanafunguka polepole na kwa mpigo sawa, jicho linafuata kidole chako. Ukisogeza kijiti karibu naye anaondoka, bila haraka, kisha anatulia tena. Huyo mwache.

Mgonjwa ana dalili nyingine: amelala ubavu, au anajikokota karibu na uso wa maji, anapumua kwa upande mmoja, au matamvua yanakwenda mbio ingawa maji ni baridi. Baridi hushika oksijeni nyingi (maji ya nyuzi 10 yaliyojaa hewa hubeba karibu miligramu 11 kwa lita, ya nyuzi 25 kama 8), kwa hiyo kupumua mbio kwenye ubaridi hakuelezeki kwa uhaba wa hewa. Pima amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, papo hapo. Zikiwa sifuri, umeshusha chini ya uwezo wa aina hiyo. Pandisha nyuzi 1 kwa siku hadi afike kiwango chake.

Dalili: kinyesi cheupe kama uzi, tumbo limevimba

Swali la kwanza: alilishwa nini, na maji yalikuwa na nyuzi ngapi? Utumbo wa samaki hupunguza kasi pamoja na joto. Chakula kizito kilicholiwa kwenye nyuzi 14 hukaa ndani siku nyingi na kuanza kuoza. Utaratibu unaofaa ni huu: juu ya 20, kila siku, kati ya 16 na 19, siku moja baada ya nyingine, kati ya 13 na 15, kidogo sana mara moja au mbili kwa wiki, chini ya 12, usilishe kabisa. Moyo wa ng'ombe na nyama nyingine za wanyama wa nchi kavu hazifai wakati wowote, na kwenye baridi ni hatari: mafuta yake huganda. Samaki hatakufa kwa kufunga wiki tatu kwenye nyuzi 11. Anayeteseka ni mfugaji anayemtazama.

Akiwa tayari amevimba, acha kumlisha siku tano na upandishe joto taratibu hadi 19 au 20. Magamba yakisimama kama koni ya msonobari, hilo si la utumbo tena na mara nyingi muda umekwisha.

Dalili: madoa meupe kama punje za chumvi

Ni kimelea cha Ichthyophthirius multifiliis, na hujitokeza hasa wakati joto linabadilika, kwa sababu kinga ya samaki huyumba. Dawa huua kikiwa kinaogelea tu. Kikiwa chini ya ngozi ya samaki hakiguswi. Kwa hiyo muda wa tiba hufuata mwendo wa maisha yake, na mwendo huo hufuata joto. Kwenye nyuzi 24–25 mzunguko huisha ndani ya wiki moja. Kwenye nyuzi 10 huvuka mwezi. Anayetibu siku saba katika kipupwe na kusimama ameua kundi moja tu, mengine yanasubiri.

Wafugaji wa samaki wa tropiki hupandisha hadi 30. Kwa hawa usifanye hivyo. Panda nyuzi 1 kwa siku hadi 23 au 24, ongeza pampu ya hewa, kisha weka chumvi isiyo na madini ya joto wala vikolezo, gramu 3 kwa lita, ikigawanywa mara tatu ndani ya saa 36. Lita 200 ni gramu 600: gramu 200 leo asubuhi, 200 usiku, 200 kesho jioni. Iyeyushe kwenye ndoo kwanza. Kaa hapo siku kumi na nne, ukirudisha chumvi kwa kadiri ya maji unayobadilisha tu, si kwa yale yanayovukiza. Kama kuna kambare wadogo au mimea ndani, hesabu hiyo haiwafai. Watoe sikilidi uwatibu kwenye tangi tupu, na tangi kubwa libaki bila sikilidi lakini likiendelea kutibiwa kwa dawa inayovumiliwa na kambare.

Dalili: utando kama pamba kwenye pezi au mdomo

Saprolegnia, ukungu wa majini unaofanana na fangasi, hauanzishi kidonda, unakikalia. Tafuta kilichomjeruhi: kokoto zenye ncha, ugomvi, wavu mkali. Gymnogeophagus hula kwa kuchota mchanga mdomoni na kuutema kupitia matamvua, hivyo sakafu ya tangi iwe mchanga laini wa nusu milimita hadi milimita moja, kina cha sentimita tatu hadi tano. Kokoto kali zikiwepo, utakuwa unatibu midomo hadi mwisho. Pandisha joto hadi 18, safisha sakafu, chumvi gramu 2 kwa lita kwa siku saba.

Dalili: vishimo kichwani na kando ya mstari wa ubavuni

Kwa samaki wa nusutropiki aliyekaa kwenye nyuzi 27 mwaka mzima, hili ni jambo la kutarajia. Joto humfanya ale zaidi, achafue zaidi, achakae haraka. Pima naitreti, ikizidi miligramu 20 kwa lita, badilisha asilimia 30 ya maji mara mbili kwa wiki hadi ishuke. Telemsha joto hadi 21, badilisha lishe iwe ya aina mbalimbali ikiwemo ya mimea. Vishimo vikiendelea kupanuka, au kinyesi kikiwa cheupe wakati huohuo, kuna uwezekano wa vimelea vya Hexamita au Spironucleus, na hapo ni daktari wa mifugo anayetoa dawa na kipimo chake.

Dalili: kiangazi kimekolea, wote wako juu wanahema

Hewa kwanza. Weka jiwe la hewa, shusha maji ili mdomo wa chujio umwage kwa kishindo, zima taa, sitisha chakula siku hiyo. Kisha punguza joto kwa kubadilisha asilimia 20 kwa maji yasiyo na klorini yaliyopoa nyuzi tatu au nne tu kuliko ya tangini. Juu ya 29 kwa siku kadhaa ni hatari kwa kundi lote la kusini.

Dalili: joto linapanda baada ya kipupwe, na vifo vinaanza

Hii inawashangaza hata wenye uzoefu. Wakati wa baridi samaki hawakula, hivyo bakteria wa chujio walipungua pamoja na chakula chao. Joto likirudi samaki wanaamka na njaa, mfugaji anafurahi, anawashibisha, na chujio halina jeshi la kutosha. Juu ya hayo, amonia ileile huwa na sumu zaidi kwenye joto: maji yenye pH (kipimo cha asidi) 8, takriban asilimia 2.7 ya amonia yote ndiyo yenye sumu kwenye nyuzi 15, na asilimia 5.4 kwenye nyuzi 25. Sumu imeongezeka mara mbili bila wewe kuongeza tone.

Usioshe sponji ya chujio wiki mbili kabla ya kuanza kupandisha joto. Pima amonia kila siku ya pili, na chakula kirudi taratibu ndani ya wiki mbili.

Dalili: dume anamuua jike mwanzoni mwa msimu

Umepandisha haraka. Dume huiva kabla ya jike. Maji yakiruka kutoka 14 hadi 24 ndani ya wiki moja, yeye yuko tayari na jike bado hajajaza mayai, na kila anapokataa anapigwa. Nyuzi 1 kila siku tatu huwafikisha pamoja. Gawanya tangi kwa wavu mgumu waonane bila kugusana hadi tumbo la jike liwe na duara. Balzanii wafugwe dume mmoja kwa majike watatu au wanne, kwenye tangi la urefu wa sentimita 120 na kuendelea. Facetus anafugwa wawili wawili, lita 250, na hata hivyo weka vyungu vilivyolazwa ambavyo mdomo wake unamruhusu jike lakini si dume. Cyanoguttatus hufika sentimita 30. Chini ya lita 400 ugomvi hauna tiba.

Dalili: majirani wanakufa, au wananyofoa mapezi, au wanakula mayai

Jirani huchaguliwa kwa kipupwe chake, si kwa kiangazi. Mwezi wa nyuzi 25 kila samaki anaonekana kufaa. Ukishusha hadi 14, samaki wa joto kama Mikrogeophagus ramirezi, diski (Symphysodon) na kambare mdogo Corydoras sterbai wanakufa mmoja mmoja, na mfugaji anadhani ni ugonjwa.

Wanaofaa ni wa mito ileile. Mwaka 1842 mwanaviumbe Mwingereza Leonard Jenyns aliandika maelezo ya samaki waliokusanywa na Charles Darwin kwenye safari ya meli ya Beagle, na miongoni mwao walikuwamo Australoheros facetus, Corydoras paleatus, Jenynsia lineata na Cnesterodon decemmaculatus. Orodha ya majirani ilikuwa tayari karne mbili karibu! Kambare wadogo wa paleatus, wanane hadi kumi, ni chaguo la kwanza pamoja na Gymnogeophagus. Wanastahimili 14 bila shida. Cnesterodon ni wadogo mno, sikilidi mkubwa atawala kama chakula. Kwa sehemu ya juu ya tangi, Aphyocharax anisitsi wanafaa ukiishia 18. Hyphessobrycon anisitsi ni wagumu zaidi, lakini wakiwa wachache hunyofoa mapezi: kumi au zaidi, ama usiwaweke. Pia hula majani laini ya mimea yote.

Samaki wa dhahabu wanapendekezwa mara kwa mara kwa sababu wanapenda ubaridi. Ni wazito, wachafuzi, na facetus anayelinda mayai huwararua mikia. Tanichthys albonubes wanaweza kukaa na borellii tu.

Mayai yakitoweka usiku, mtuhumiwa wa kwanza ni kambare, maana sikilidi hawaoni gizani. Meridionalis na rhabdotus hulinda mayai na vifaranga juu ya jiwe, kwa hiyo kwa msimu huo kambare wahamishwe. Balzanii hutaga juu ya jiwe pia, ila jike huwachukua vifaranga mdomoni mara wanapoanguliwa. Hatari ni ule muda mfupi wa katikati, na taa hafifu ya usiku kwa siku mbili hizo humsaidia kuwafukuza wavamizi. Akisumbuliwa akiwa amebeba, huwatema au kuwameza.

Jirani mpya asiingie wakati wa kipupwe hata kama aina yake inavumilia. Mkarantini wiki nne kwenye nyuzi 20–22, kisha mwingize tangi kubwa likifika joto hilohilo, taa zikiwa zimezimwa na mawe yamepangwa upya ili wenyeji nao waanze kugawana maeneo upya.